Mtoto wa Jicho la Refa

Kila Jumamosi alasiri, kwa zaidi ya nusu ya umri wake, Kipenga alishauriwa akapimwe macho. Walimshauri vijana, wakamshauri wazee, wakamshauri akina mama waliobeba watoto mgongoni. Mara moja alishauriwa na kiongozi wa dini, ambaye kesho yake alimvuta pembeni akamwomba radhi kwa kunong'ona, kisha akaongeza kwamba hata hivyo ile ilikuwa penalti.

Alikuwa refa wa mechi za mtaani, zile zinazochezwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule, ambako mstari wa pembeni huchorwa kwa majivu na kufutwa na mbuzi kabla ya mapumziko. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Kwa watu wote, mkewe akiwemo, alikuwa Kipenga. Siku nyingine za wiki alikuwa mtunza stoo wa duka la rangi za nyumba, mtu mnene kiasi, mwenye miguu iliyopinda kama mabano na maneno machache. Msimamo wake ulijulikana: refa akishapuliza, kimepulizwa. Aliishi hivyo hata nyumbani. Akisema mchuzi umepoa, basi umepoa, hata kama bado unafuka moshi, na mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na amezoea watu wa aina hiyo, alimwacha aungue ulimi.

Ndiyo maana macho yake yalipoanza kuingia ukungu kwelikweli, hakuwa na pa kwenda. Mtu mwingine angekwenda hospitali, basi. Lakini refa akionekana kwenye foleni ya macho, je? Habari ingefika mtaani kabla yake. Kila bao alilolikataa lingefufuliwa. Kila penalti aliyoinyima ingetoka kaburini na sanda yake. Wazee waliokwisha kusahau vikombe walivyopoteza wangevikumbuka upya na kuja kuvidai. Kipenga alijilaza kitandani akawaza hayo yote, akaamua kwamba tatizo ni taa.

Akabadilisha taa. Halafu akaamua ni madirisha, akayaosha yote kwa sabuni, ndani na nje, mpaka mkewe akaanza kuingiwa na wasiwasi, kwa kuwa katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona ameshika kitambaa. Halafu akaamua ni gazeti, kwamba siku hizi wanabana wino. Dukani mteja mmoja alirudi akilalamika kuwa aliomba rangi nyeupe, akapewa ya siagi, na sasa sebule yake imekuwa kama mkate uliopakwa. Kipenga alifungua debe, akalitazama kwa muda.

"Hii ni nyeupe," alisema.

"Mzee, hata jina limeandikwa hapo. Siagi."

"Jina ni jina tu. Mimi naangalia rangi."

Yule mteja akatazama huku na huku akitafuta shahidi, akakosa, akaondoka na siagi yake.

Jumamosi iliyofuata zilikutana timu mbili, moja imevaa nyeupe, nyingine njano. Kwa macho ya Kipenga waliingia uwanjani watu wa timu moja, wengi mno. Alichezesha hivyohivyo. Kipindi cha kwanza chote hakupuliza kuotea hata mara moja, kwa sababu hakuweza kujua nani anaotea kwa nani, na watu walimsifu sana kwa kuachia mpira utembee. Kipindi cha pili mtu mmoja mrefu alimkatiza mbele mpira ukiwa unachezwa, akasimama katikati, hakugusa mpira, hakukimbia. Kipenga alimwendea mbio akamtoa kwa kadi nyekundu.

Alikuwa muuza maji. Alikuwa na ndoo kichwani.

Muuza maji alitazama kadi, akatazama ndoo yake, akainamisha kichwa kadiri ndoo ilivyoruhusu, akatoka nje polepole huku mashabiki wa upande mmoja wakimpigia makofi kumpa moyo. Mambo yangeishia hapo, lakini mwenyekiti wa chama cha marefa alikuwa mtu wa kanuni. Jumatatu aliitisha kikao akasema kwamba uamuzi wa refa hauguswi, na kwamba kadi nyekundu ina adhabu yake. Muuza maji alifungiwa mechi mbili. Naye, kwa heshima ya mchezo, alitii; alikaa nyuma ya ukuta wa shule akiuza maji kwa kuyapitisha juu, na walipomuuliza kwa nini anakubali upuuzi huo alijibu kwamba hajawahi kuwa mchezaji maishani mwake, na hakutaka kuanza vibaya.

Usiku wa ile Jumamosi ya kadi, mkewe alimwekea Kipenga sahani mbele yake, akakaa, akaweka viganja mezani kama anavyofanya wanafunzi wake wakimwaga uji.

"Baba, leo umemtoa nani nje?"

"Mchezaji mtovu wa nidhamu."

"Alikuwa amebeba nini kichwani?"

Kipenga alitafuna. "Hilo ndilo lililoniudhi zaidi," alisema.

Hata hivyo jambo lile lilimchoma. Jumatatu, baada ya kazi, alivaa kofia pana ya mkewe ya kupalilia na kwenda stendi, ambako mchuuzi mmoja alitandaza miwani juu ya ubao. Alijaribu jozi moja baada ya nyingine mpaka akapata iliyofanya pua ya mchuuzi ionekane kubwa na yenye vinyweleo. Hiyo ndiyo akaichukua. Njia nzima ya kurudi ardhi ilikuwa imemsogelea. Kila ufa wa lami aliuvuka kwa kuinua goti kama anapanda ngazi, na kwenye kona alimwomba samahani mlingoti wa umeme. Majirani waliokaa barazani walimwona anapita hivyo, wamejua ni yeye licha ya kofia, kwa sababu miguu ile haikuwa ya mtu mwingine.

"Leo mzee kavaa miwani," mmoja alisema.

"Mapema yote hii?" akajibu mwenzake, maana kwao mtu aliyevaa miwani ni mtu aliyelewa, na hawakufikiria hata kidogo kwamba safari hii maneno yalikuwa na maana yake ya kawaida.

Miwani ile ilimuumiza kichwa siku nzima. Ndipo akapanda basi mpaka upande mwingine wa mji, ambako hakuna anayemjua, akaingia katika duka la miwani lenye vioo kila ukuta. Alipokelewa na kijana mwenye tai, mpimaji macho, aliyemketisha kwenye kiti kirefu.

"Mzee wangu, nisomee mstari wa juu kabisa."

"Wa kwenye karatasi hiyo uliyoshika?"

"Sijashika kitu, mzee. Ukutani."

Kipenga aliukodolea macho ukuta. Baada ya muda akaona kitu cheusi. "Herufi ile imesimama vibaya," alisema. "Imeotea."

Kijana hakucheka. Alimvika fremu nzito ya chuma, akawa anabadilisha vioo, hiki au hiki, hiki au hiki, na Kipenga, ambaye maishani hakuwahi kusema hajui, alijibu kila mara kwa sauti ya uhakika, safari hii cha kwanza, safari ile cha pili, mpaka kijana akagundua kwamba ameulizia kioo kilekile mara nne na amepata majibu tofauti. Akazima taa ya chumba, akamulika jicho kwa kurunzi ndogo, akavuta pumzi.

"Mzee, miwani haitakusaidia. Mimi kazi yangu ni kupima uoni na kutoa miwani. Hapa panatakiwa daktari bingwa wa macho. Una mtoto wa jicho. Jicho la kushoto amekomaa, la kulia ndiyo kwanza anaanza."

Neno Kipenga alilijua. Alidhani ni la watu wanaoshikwa mkono na wajukuu, si la mtu anayekimbia uwanja mzima akiwa na kaptula. Aliuliza kama hakuna dawa ya kudondoshea. Kijana akamwambia hakuna. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, basi. Alimwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, akapiga simu huko yeye mwenyewe kumwombea siku, na akaomba namba ya simu. Kipenga akatoa namba ya nyumbani, maana ya mkononi tarakimu zake hakuziona.

Simu ilipolia siku chache baadaye, aliipokea mkewe.

"Ni kuhusu yule mtoto wa mzee," ilisema sauti ya kike, changamfu. "Mwambie Jumanne asubuhi."

"Mtoto gani?"

"Wa mzee. Yule wa kushoto."

Mwalimu wa chekechea alivuta kiti, akakaa. Watoto wao walikuwa wawili, wakubwa, wote wameoa, na wote alikuwa anajua walipo.

"Huyo mtoto," aliuliza taratibu, "ni mkubwa?"

"Amekomaa kabisa, mama. Tena ni ajabu mzee amekaa naye muda wote huu bila kusema. Ila wanaume ndivyo walivyo, wanaficha."

"Na mzee anajua?"

"Ameshaambiwa. Na kuna mwingine anakuja, upande wa kulia, ila huyo hana haraka."

Kipenga aliporudi kutoka kazini alikuta sanduku lake limewekwa mlangoni, limefungwa kwa kamba, na juu yake kipenga chake cha akiba. Mkewe alisimama ameshika kiuno.

"Sema mwenyewe," alisema. "Nataka nisikie kwa mdomo wako. Mama yao ni nani?"

"Mama ya nani?"

"Ya wa kushoto na wa kulia!"

Ilichukua muda. Kwa tabia yake alianza kwa kukana kila kitu, jambo ambalo halikusaidia, na alipoona mkewe ameshika kamba ya sanduku na machozi yanamlengalenga, akavunja kanuni ya maisha yake yote. Alisema, "Mama watoto, sioni." Akamweleza yote: rangi ya siagi, kofia, mlingoti, kijana wa tai. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa juu ya sanduku akacheka mpaka akalala upande, na alipomaliza kucheka alilia kidogo, kwa kuwa alikumbuka kwamba miezi yote ile mumewe alikuwa akimwambia kila asubuhi kwamba amependeza.

Alitaka kumsindikiza Jumanne. Kipenga alikataa katakata. Mume na mke wakionekana hospitali, watu huuliza nani mgonjwa. Mtu akiwa peke yake huenda amekwenda kumtazama mwenzake. Alikwenda peke yake.

Hospitali ile ilikuwa na majengo mengi yanayofanana na vibao vizuri vyenye mishale, vilivyoandikwa kwa herufi ndogo za bluu juu ya rangi ya kijivu, hasa kile cha kuelekea kitengo cha macho. Kuuliza hakutaka. Alisimama katikati ya ujia, akaona kivuli cha foleni, akaenda akaketi mwisho wake. Kila mtu pale alikuwa kimya na ameshika shavu. Kipenga alifikiri wanaficha nyuso zao wasijulikane, akaona ni wazo zuri, naye akashika shavu.

Zamu yake ilipofika aliingia chumbani akawekwa kwenye kiti kinacholala. Daktari, mwanamume wa makamo mwenye barakoa, alimwambia afungue mdomo.

Alifungua. Alishangaa, lakini alishangaa kwa heshima. Yule kijana wa tai alikuwa ameishia juu juu, kwenye jicho lenyewe; huyu ni bingwa, anaanzia mbali. Daktari aligonga hapa, akagonga pale, akauliza kama panauma. Pakauma. Kipenga akawaza kwamba kumbe mizizi ya mtoto wa jicho hushuka mpaka chini, na ndiyo maana watu husema macho na meno vinakwenda pamoja, ingawa hakukumbuka ni nani aliwahi kusema hivyo. Akachomwa ganzi. Akavutwa. Akapewa pamba.

"Tayari, mzee. Lilikuwa limeoza vibaya sana."

"Na la kulia?" aliuliza Kipenga kwa mdomo uliokufa ganzi.

"La kulia zima kabisa."

Aliondoka na furaha, akajigonga kwenye fremu ya mlango.

Mkewe alimtazama akiingia nyumbani, akamwinamisha kwenye mwanga, akamfungua mdomo kama anavyofungua midomo ya watoto waliomeza vifungo. "Ulikwenda kutolewa mtoto," alisema, "umerudi umetolewa jino."

"Lilikuwa limeoza," alisema Kipenga. "Uamuzi ulikuwa sahihi."

Safari ya pili alishikwa mkono. Mkewe alimpitisha kwenye ujia ule kama anapeleka mwanafunzi chooni, bila kumwachia, mpaka benchi la kitengo cha macho. Humo walimdondoshea dawa ya kupanua mboni, dunia ikawa nyeupe na kali, kisha wakaingia kwa daktari bingwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, bado kijana, mwenye sauti ya chini. Muuguzi wake, mama mmoja mpana wa mabega, alikuwa anapanga vichupa kwenye kabati akiwa amewapa mgongo.

Daktari alimwambia aweke kidevu hapa, paji la uso pale, akamtazama kwa mashine yenye mwanga mwembamba kama wembe. Akapima kitu kingine. Akatazama tena, ndani zaidi, muda mrefu. Kipenga, aliyekwisha kung'olewa jino mahali hapahapa, aliuliza kwa tahadhari kama yeye ndiye hasa.

"Hasa nani, mzee?"

"Mwenye macho."

Daktari akacheka. Akavuta kiti akamweleza kwamba watu wengi huwachanganya wataalamu wa macho. Kuna fundi anayetengeneza na kuuza miwani. Kuna mpimaji, kama yule kijana, anayejua umeona kiasi gani na kioo kipi kitakufaa, na akiona kisicho cha kawaida anakutuma mbele. "Mimi nilisomea kwanza udaktari wa mwili mzima, kama daktari yeyote. Halafu nikarudi darasani kwa miaka mingine nikasomea kitu hiki kimoja tu, kisichozidi gololi kwa ukubwa. Naangalia magonjwa yake. Presha ya ndani ya jicho, neva na mishipa ya nyuma, madhara ya kisukari, majeraha. Panapohitaji kupasua, napasua mwenyewe. Kwako wewe huku nyuma kuzima kabisa. Ila mbele kuna lenzi, ni kama kioo cha dirisha, na kioo chako kimeingia ukungu. Huwezi kukisafisha. Unakitoa, unaweka kingine."

Kipenga alipumua. Miezi yote ile hakuna mtu aliyemweleza jambo kwa mpangilio namna ile, akajisahau.

"Nimekuelewa, binti yangu. Wewe ndiye refa wa kati. Wale wengine ni washika vibendera."

Mkewe alimfinya, lakini yalikwisha kutoka. Kule kabatini vichupa viliacha kugongana. Muuguzi aligeuka polepole, akamtazama miguu, akapanda mpaka usoni.

"Kipenga," alisema. Hakuuliza.

Kipenga alirudisha miguu chini ya kiti.

"Kipenga wa fainali ile! Bao la kaka yangu! Mpira uligonga mwamba, ukadunda ndani, ukatoka, na wewe ukasema—" Alimgeukia daktari. "Daktari, mtaa mzima tulisema. Miaka yote tulisema! Ngoja niwapigie."

"Humpigii mtu," alisema daktari, ambaye hakuwahi kutazama mechi hata moja maishani. "Habari za mgonjwa hazitoki humu."

Muuguzi alijishika kifua. Alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake, na uaminifu haujawahi kumtesa mtu kiasi kile. Alikuwa ameshika habari tamu kuliko zote zilizopata kusikika katika mji ule, na akatakiwa aimeze mzimamzima bila maji. Wiki ile, walisema wenzake baadaye, alikuwa anaingia kwenye chumba cha dawa, anafunga mlango, anakaa humo kidogo, kisha anatoka akiwa mtulivu.

Siku ya upasuaji Kipenga alilazwa chali, akafunikwa kitambaa chenye tundu moja la kuchungulia jicho. Walitia ganzi. Daktari alimwonya kwamba atakuwa macho, atasikia kila neno, ila asiseme wala asitikisike. Kama anataka kukohoa, abonyeze mkono wa muuguzi, ambao atakuwa ameushika muda wote.

Akaushika. Ulikuwa mkono mzito. Mwanga ukawaka, kitu kikaanza kuvuma kwa sauti nyembamba.

"Daktari," alisema muuguzi, "samahani, nakuuliza kitaalamu. Mtoto huyu ana umri gani? Anaweza kuwa alikuwepo wakati wa ile fainali?"

"Fainali ilikuwa lini?"

"Kaka yangu alikuwa bado hajaoa. Sasa ana wajukuu."

Kipenga alibonyeza mkono.

"Unataka kukohoa, baba?"

Hakutaka kukohoa. Muuguzi akaendelea, akasimulia bao lile kuanzia kona ilikopigwa, na kila kitu akakikosea: kona ilipigwa kulia yeye akasema kushoto, mlinda mlango alikuwa ameshaanguka yeye akasema amesimama. Kipenga alibonyeza. Akabonyeza tena. Akainua kidole kimoja, ishara ambayo uwanja wowote ungeielewa, na muuguzi akakirudisha kidole chini taratibu, akakifunika kwa kiganja. Hakuna adhabu aliyowahi kumpa mchezaji yeyote iliyofanana na hiyo.

"Miaka hiyo?" alisema daktari bila kuinua kichwa. "Hapana. Huyu ni wa juzi juzi tu. Wakati huo macho ya mzee yalikuwa mazima kabisa."

"Mazima?"

"Kabisa. Usitikisike, mzee."

Chini ya kitambaa Kipenga alitabasamu: ameona vizuri, basi ameamua vizuri, na sasa limesemwa na bingwa. Juu ya kitambaa muuguzi naye alitikisa kichwa kwa kuridhika: aliona vizuri, basi alifanya makusudi, na sasa limesemwa na bingwa. Kila mmoja alitoka katika chumba kile ameshinda, na kwa mara ya kwanza muuguzi hakuona sababu ya kumpigia mtu simu.

Asubuhi iliyofuata walimwondolea ngao ya plastiki. Kitu cha kwanza alichokiona ni shuka, na shuka ilikuwa nyeupe, nyeupe yenye ubluu ndani yake, mpaka akaigusa. Halafu akamwona mkewe. Alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi juu ya masikio, na ana alama ya wino shavuni, ya mtoto fulani wa chekechea.

"Umependeza," alisema.

"Ulisema hivyo hata ulipokuwa huoni."

"Wakati ule nilikuwa nakisia."

Halafu akaomba kioo, na hapo furaha ilipungua, kwa sababu humo ndani alimkuta mzee mmoja asiyemfahamu, amekosa jino.

Daktari alimkataza kuinama, kubeba madebe na kusugua jicho, naye alitii kila kitu mpaka aliporuhusiwa. Aliporudi uwanjani ndipo matatizo yalipoanza. Sasa aliona. Aliona jezi inayovutwa, kiwiko kinachochomekwa, kipa anayepiga hatua ya siri kabla ya penalti. Alipuliza kila alichokiona. Kipindi cha kwanza cha mechi ya siku hiyo kilikaa mpaka kiza kikaingia na mpira haukuwahi kuvuka nusu ya uwanja. Mwenyekiti wa chama cha marefa alimwita pembeni, akasafisha koo, akamwomba kwa unyenyekevu mkubwa kama angeweza kuona kidogo kidogo.

Walikuwa wamepangiwa kurudi kupimwa jicho la kulia. Siku hiyo, wakati Kipenga ametiwa matone na amekaa akingoja dunia igeuke nyeupe, daktari alimwambia mkewe, kwa vile yupo tu, naye aweke kidevu hapa. Mwalimu aliweka kwa kucheka. Yeye alikuwa anaona vizuri, anaona hadi chawa wa mwalimu mwenzake. Daktari alipima, akarudia kupima, akasogeza kiti chake karibu.

Ilikuwa presha ya macho. Haiumi, daktari alimweleza, haina ukungu, haina dalili. Inakula uoni kutoka pembeni, kimyakimya, na kinachopotea hakirudi. Ila wameiwahi. Matone kila jioni, bila kukosa hata siku moja, na kurudi kupimwa.

Mwalimu alisema ahsante, akafunga kizibo cha kichupa cha matone alichopewa, akakifungua, akakifunga tena. Njiani Kipenga alimshika mkono, ingawa kati yao wawili siku ile yeye ndiye aliyekuwa haoni mbele.

Kipenga akakataa kabisa mtu mwingine amdondoshee. Kila jioni, baada ya kula, mkewe hulaza kichwa nyuma juu ya mto wa kiti, naye Kipenga husimama juu yake, miguu imepanuka, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kichupa kimeinuliwa. Tone la kwanza kwa kawaida huangukia paji la uso. La pili huingia sikioni.

"Jicho liko huku, mume wangu."

"Usitikisike."

"Sijatikisika. Wewe ndiye unayetetemeka."

Anamfuta shavu kwa kidole gumba, anavuta kope ya chini kwa uangalifu kama mtu anayefungua barua ya mwenzake, na anajaribu tena.